Uso Ndio Mgumu

Tarehe 1 Julai 2013, nchini China, ilianza kutumika sheria iliyofanyiwa marekebisho ya kulinda haki za wazee, na ndani yake mlikuwa na kifungu kimoja kilichowachekesha wengi na kuwaudhi wengine: watoto wanaoishi mbali na wazazi wao waliozeeka wanatakiwa kwenda kuwaona, au kuwajulia hali, mara kwa mara. Hiyo "mara kwa mara" haikufafanuliwa. Siku ileile mahakama moja katika mji wa Wuxi, mkoani Jiangsu, ilitoa hukumu katika shauri la mama mwenye umri wa miaka 77 aliyemshitaki bintiye, na ikamwamuru binti huyo amtembelee mama yake walau mara moja kila baada ya miezi miwili, na vilevile katika sikukuu za kitaifa zisizopungua mbili kwa mwaka.

Tuseme binti ameitii hukumu. Amepanda basi, amebisha hodi, ameketi kwenye ukingo wa kiti, ameweka mfuko wa matunda mezani, ametupia jicho saa ya ukutani, na muda ulipotosha akaaga. Hakimu hana la kumdai. Lakini yule mama hakwenda mahakamani kudai matunda, na kile alichokwenda kukidai hakuna dalali wa mahakama awezaye kukikazia hukumu.

Tatizo hili lilikwisha kuonwa miaka 2,500 iliyopita, na mtu aliyeliona alikuwa raia wa dola ndogo ya Lu, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Shandong. Confucius, ambaye Wachina humwita Kongzi, yaani Mwalimu Kong, alizaliwa mwaka 551 KK na kufariki mwaka 479 KK. Mafundisho yake tunayasoma zaidi katika Lunyu, kitabu chenye sehemu 20 za mazungumzo mafupi mafupi, kilichokusanywa na wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi hao baada ya yeye kuondoka. Katika sehemu ya pili ya kitabu hicho watu wanne, mmoja baada ya mwingine, wanamuuliza jambo lilelile: nini maana ya xiao, yaani wema wa mtoto kwa wazazi wake? Kila mmoja anapewa jibu lake. Kwa mwanafunzi wake Ziyou anasema kwamba watu wa siku hizi (anasema hivyo katika karne ya tano au ya sita kabla ya Kristo, na wazee wetu wangali wakisema hivyohivyo) wanadhani wema kwa wazazi ni kuwalisha. Lakini hata mbwa na farasi hulishwa, na pasipo heshima, tofauti iko wapi? Kwa Zixia, mwanafunzi mwingine, jibu ni fupi zaidi, na linaanza kwa maneno mawili tu ya Kichina, se nan: uso ndio mgumu. Kazi ikiwapo vijana huibeba, chakula na kinywaji vikiwapo wazee hutangulizwa, lakini je, hayo yatosha kuitwa xiao?

Wafasiri wa kale walibishana uso huo ni wa nani. Wako waliosema mtoto anapaswa kuusoma uso wa mzazi ili ajue anachohitaji kabla hajasema, na wako waliosema ni uso wa mtoto mwenyewe, ule anaouvaa wakati anapofanya analolifanya. Mimi naifuata tafsiri ya pili, kwa sababu ndiyo inayoeleza neno "ngumu". Kubeba mzigo wa mama si kazi ngumu kwa kijana mwenye nguvu. Kazi ngumu ni kuubeba bila kuvuta pumzi ya kuchoka, bila kujibu "nimeshasikia", bila kuuacha uso useme yale ambayo mdomo umeyameza. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa zaidi. Kila aliyelelewa katika lugha hii anajua kwamba kuna shikamoo mbili zenye herufi zilezile: moja husemwa mtu akiwa amesimama, amemgeukia mkubwa wake, na nyingine hutupwa njiani huku macho yakiwa kwenye simu. Mkubwa huitikia zote mbili marahaba, na huijua ipi ni ipi.

Nasisitiza jambo hili kwa kuwa Confucius amefikishwa kwa wasomaji wengi kama mtunzi wa misemo ya hekima, ya kubandikwa ukutani au kutumwa asubuhi kwenye makundi ya simu, na mingi kati ya misemo hiyo wala hakuisema. Akisomwa hivyo huonekana mtu wa mambo ya wazi kupita kiasi: heshimu wazazi, sema kweli, usimfanyie mwenzio usilotaka kufanyiwa. Nani asiyeyajua hayo? Uzito wake hauko katika orodha ya mambo mema, bali katika swali ambalo wanafalsafa wengi wa maadili wamelipita kwa haraka: mtu anayejua lililo jema, na anayelitenda, lakini moyo wake haupo katika tendo hilo, atafanyaje ili moyo ulifuate tendo? Jibu lake ni neno moja, li.

Neno hilo lina historia. Asili yake ni taratibu za kutoa sadaka kwa mizimu na miungu: chombo gani kiwekwe wapi, nani atangulie, asimame au apige magoti. Kufikia zama za Confucius lilikuwa limepanuka hata likajumuisha mazishi, ndoa, karamu, mapokezi ya wageni, mavazi, na namna ya kuingia na kutoka katika ukumbi wa mtawala. Kulifasiri kwa Kiswahili si rahisi. "Ibada" inabana mno. "Desturi" inalegeza mno, kwa kuwa desturi yaweza kuwa ya kijinga na bado ikawa desturi. Neno lililo karibu zaidi ni "adabu", ambalo nalo linahusu namna ya kuketi, kula, kubisha hodi na kumpisha mkubwa, na ambalo huchukuliwa kuwa ni kitu cha kufunzwa, si cha kuzaliwa nacho. Lakini hata adabu na li zina mahali pa kuachana, na mahali hapo panatufundisha. Sisi husema mtu "ametiwa adabu" tukiwa na maana kwamba amechapwa. Confucius aliviweka vitu hivyo viwili katika pande zinazopingana: ukiwaongoza watu kwa amri na kuwanyoosha kwa adhabu, alisema, watazikwepa adhabu na hawatakuwa na haya, ukiwaongoza kwa wema na kuwanyoosha kwa li, watakuwa na haya, na watajirekebisha wenyewe. Mapokeo yanasema aliwahi kushika wadhifa wa kusimamia mambo ya jinai katika dola ya Lu, kwa hiyo hakuwa akizungumzia mahakama kwa kusikia tu. Katika kusikiliza mashauri, anasema mahali pengine, mimi ni kama mtu mwingine yeyote. Linalotakiwa ni kufanya mashauri yasiwepo.

Yote hayo yangebaki nadharia kama Lunyu isingetuonyesha mtu huyo akiwa kazini. Kuna kisa kimoja, mwishoni mwa sehemu ya 15, ambacho huwa kinarukwa na wasomaji wenye haraka kwa sababu hakina msemo wowote wa kunukuu. Anakuja mgeni, jina lake Mian, mwalimu wa muziki. Wanamuziki wa mabaraza ya watawala katika China ya kale kwa kawaida walikuwa vipofu, na Mian ni mmoja wao. Anapofika kwenye ngazi, Confucius anamwambia: hapa pana ngazi. Anapofika kwenye mkeka: hapa pana mkeka. Wote wanapokuwa wameketi, anamweleza: fulani yuko hapa, fulani yuko pale. Basi, kisa kimekwisha. Mian anapoondoka, mwanafunzi mmoja aitwaye Zizhang anauliza, ndiyo adabu ya kuzungumza na mwalimu wa muziki hiyo? Naam, anajibu Confucius, ndiyo adabu ya kumsaidia mwalimu wa muziki.

Hebu tukitazame kisa hiki kwa ukaribu. Zizhang anauliza kama mwanafunzi anayetafuta kanuni ya kuandika kwenye daftari; kwake yeye li ni orodha ya mambo yaliyopangwa, na ameona jambo ambalo halimo katika orodha. Mwalimu wake anakubali kwamba ni li, lakini anabadilisha kitenzi: si kuzungumza, ni kusaidia. Hakuna anayemwonea huruma Mian kwa sauti. Hakuna anayemshika mkono na kumburuta kama mtoto, wala anayemwacha ajikwae ili heshima yake ya mtu mzima ihifadhiwe. Anaambiwa tu yale ambayo macho yangemwambia, kwa mpangilio uleule ambao macho yangemwambia, na zaidi ya yote anaambiwa nani ameketi wapi, ili naye aweze kuelekeza maneno yake kwa anayemkusudia, kama mgeni mwingine yeyote mwenye hadhi. Utu, ambao kwa Kichina ni ren, na ambao Confucius aliuweka juu ya maadili mengine, haukutajwa hata mara moja katika kisa hiki. Umejaa ndani ya ngazi na mkeka.

Sehemu ya kumi ya kitabu hicho karibu yote imejaa mambo ya aina hii, nayo huwachosha wengi: mkeka usiponyooka haketi; akila hasemi; zizi lilipoungua alirudi kutoka barazani akauliza kama kuna mtu aliyeumia, hakuuliza habari za farasi. Farasi alikuwa mali ya thamani kubwa. Swali la kwanza linalomtoka mtu kinywani, kabla hajapata nafasi ya kutafakari, ndilo linaloonyesha miaka yake yote ya mazoezi imemfikisha wapi, na ninadhani ndiyo maana wanafunzi waliona habari hiyo ya maneno machache inastahili kuandikwa.

Je, umbo la nje linaweza kweli kuujenga moyo? Hapa wafuasi wake wenyewe waligawanyika, na mgawanyiko huo ni mojawapo ya mijadala mizuri zaidi iliyopata kuandikwa kuhusu malezi. Mengzi, aliyeishi katika karne ya nne KK, alishikilia kwamba mbegu ya wema tumezaliwa nayo. Yeyote amwonaye ghafla mtoto mdogo akikaribia kutumbukia kisimani atashituka na kuhuzunika, na hatashituka kwa kutaka urafiki na wazazi wa mtoto, wala sifa kwa majirani, wala kwa kuchukizwa na kelele. Mshituko huo ni chipukizi tu, na chipukizi linahitaji kutunzwa. Lakini halivutwi: Mengzi anasimulia habari za mtu wa dola ya Song aliyeona miche ya shamba lake haikui, akaenda kuivuta mmoja mmoja, akarudi nyumbani hoi, akawaambia watu wake kwamba leo amechoka, ameisaidia miche kukua. Mwanawe akakimbia shambani kutazama, akakuta imenyauka yote.

Xunzi, wa karne ya tatu KK, alikataa. Alisema tabia ya kuzaliwa nayo ni mbaya, na wema ni kazi ya mikono ya watu. Mfano wake haukuwa mche bali ubao uliopinda, ambao lazima ufukizwe kwa mvuke na kubanwa ndipo unyooke. Sisi tuna samaki wetu anayekunjwa angali mbichi, na kwa juu juu Xunzi anaonekana kusema hilohilo, lakini sivyo. Samaki akikauka, ndiyo basi. Ubao wa Xunzi unaweza kuwa umekaa miaka na bado ukanyooka, mradi fundi apatikane na mvuke uwepo. Kwa mtu aliyekwisha kuvuka ujana na kujikuta ana tabia asizozipenda, kati ya wanafalsafa hao wawili ni huyu anayedai wanadamu ni wabaya ndiye mwenye habari njema zaidi. Confucius mwenyewe, tukumbuke, aliutazama mwendo wake kuwa safari ya maisha yote: akiwa na miaka 15 aliuelekeza moyo wake kwenye kujifunza, na ni alipofikia 70 tu ndipo alipoweza kufuata matamanio ya moyo wake bila kuvuka mpaka. Miaka 55 ya mazoezi ili uso na moyo viwe kitu kimoja.

Ukosoaji mkali wa fikra hii haukungoja wageni. Mozi, katika karne ya tano KK, aliwashambulia wafuasi wa Confucius kwa mazishi yao ya gharama, majeneza mazito, na maombolezo marefu yanayomdhoofisha mfiwa hata asimame kwa kushikilia mkongojo, huku shamba likibaki bila mkulima. Na yeyote aliyewahi kuona familia ikikopa ili kuwalisha waombolezaji atamsikiliza Mozi kwa makini. Zhuangzi, mwanafalsafa mwingine wa kale, anasimuliwa akiwa ameketi chini, baada ya kufiwa na mkewe, akipiga beseni na kuimba. Na kitabu kinachonasibishwa na Laozi kinasema, katika sura yake ya 38, kwamba li ni ganda jembamba la uaminifu na mwanzo wa vurugu: watu huanza kuhimiza adabu pale ambapo wema umeshawatoka.

Sindano hiyo ya Laozi inapenya, na sidhani kwamba kuna jibu linaloiondoa kabisa. Lakini si haki kusema kwamba Confucius hakuiona. Alipoulizwa na Lin Fang kiini cha li ni nini, alijibu kwamba katika sherehe ni afadhali kubana matumizi kuliko kufuja, na katika msiba ni afadhali huzuni kuliko ufundi wa taratibu. Kuna hata mahali anapoonyesha jinsi ya kuchagua. Kofia ya sherehe ilipaswa kuwa ya kitani. Watu wa wakati wake walivaa ya hariri kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi kuitengeneza, naye akawafuata. Kuinama mbele ya mtawala kulipaswa kufanywa chini ya ngazi kabla ya kupanda. Watu wa wakati wake waliinama wakiwa wameshapanda, naye hakuwafuata, kwa kuwa aliona hiyo ni jeuri. Kofia imebadilika, na heshima iliyomo ndani yake haikupungua. Kuinama kumesogea hatua chache tu, na kitu kimepotea. Anayetaka kanuni ya kutofautisha mila ya kuachwa na mila ya kushikwa hatapata kwa Confucius kanuni iliyo wazi kuliko hiyo: uliza umbo hilo linabeba nini, kisha uliza kama umbo jipya linakibeba bado.

Kosa kubwa zaidi kuhusu falsafa hii ni kuigeuza kuwa falsafa ya utii, na kosa hilo kwanza walilifanya Wachina wenyewe, wakiwa na sababu zao. Kuanzia mwaka 1313 fasiri za mwanafalsafa Zhu Xi, wa karne ya 12, za vitabu vya Kikonfusio ziliwekwa kuwa msingi wa mitihani ya kuajiri maofisa wa dola, na mitihani hiyo iliendelea, kwa vipindi vya kusimama, hadi ilipofutwa mwaka 1905. Falsafa inayopimwa na serikali kwa karne sita haiwezi kukosa kufanana na serikali. Katika zama hizohizo zilienea hadithi 24 za watoto wema, mojawapo ikiwa ya Guo Ju, maskini aliyeamua kumzika hai mwanawe mdogo ili chakula kimtoshe bibi yake mtoto huyo, na akanusurika kutenda hivyo kwa kuokota dhahabu alipokuwa akichimba shimo. Mwandishi Lu Xun, katika insha yake ya mwaka 1926, alieleza jinsi alivyoisoma hadithi hiyo utotoni na kubaki na hofu kwamba baba yake naye angeweza kuwa mtoto mwema wa aina ile, kwa kuwa nyumbani kwao umaskini ulikuwa ukinyemelea na bibi alikuwa hai.

Hofu ya Lu Xun ni ya haki, lakini Guo Ju hana mahali katika Lunyu. Humo mtoto anaambiwa awaonye wazazi wake kwa upole wanapokosea, na wasipomsikia aendelee kuwaheshimu na kuwahudumia bila kinyongo. Anaambiwa pia aijue miaka yao, kwa sehemu moja kwa furaha na kwa sehemu nyingine kwa hofu. Ni ushauri unaombana mtoto kuliko ambavyo wengi wetu tungependa, sikatai, na wanawake hawana sauti kabisa katika mazungumzo hayo, jambo ambalo hakuna ufafanuzi wa kisomi utakaolifuta. Hata hivyo, kuonya si kutii. Xunzi alikwenda mbali zaidi aliposema kwamba mtu afuate lililo haki, asimfuate baba.

Basi, na inapotokea kwamba lililo haki na baba havipatani? Hapa ndipo penye kisa kilichozua ubishi kuliko vyote. Mtawala wa She alijigamba mbele ya Confucius kwamba katika watu wake yupo mmoja mnyoofu hasa: baba yake alipochukua kondoo wa mtu, mtoto alimtolea ushahidi. Confucius akajibu kwamba kwao wanyoofu hawako hivyo. Baba humsitiri mtoto, mtoto humsitiri baba, na unyoofu umo humo. Han Feizi, mwananadharia wa sheria wa karne ya tatu KK, alikitumia kisa hikihiki kuonyesha kwamba raia mnyoofu kwa mtawala ni mtoto mbaya kwa baba, yaani maslahi ya wawili hao hayapatani. Sisi tunaoishi katika nchi ambako tenda hupewa shemeji na kazi hupewa binamu tunaweza kushawishika kumpa Han Feizi ushindi bila mjadala.

Nadhani tungekosea, na sababu zangu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba hakusema mtoto amsaidie baba kuchinja. Neno alilolitumia ni la kusitiri, na jambo analolipinga ni fahari ya mtawala anayeona ni alama ya utawala bora kwamba mtu anaweza kumchongea mzazi wake bila moyo kumsuta. Sheria za China zilimwelewa hivyo kwa muda mrefu: mwaka 66 KK Mfalme Xuan wa nasaba ya Han alitoa amri kwamba mtoto aliyewasitiri wazazi wake asiadhibiwe. Tena, mwaka uleule wa 2013, miezi sita kabla ya sheria ya kuwatembelea wazee, ilianza kutumika sheria iliyofanyiwa marekebisho ya mwenendo wa mashauri ya jinai ambayo inasema mahakama haitamlazimisha mume, mke, mzazi au mtoto wa mshitakiwa kufika kutoa ushahidi. Ndani ya mwaka mmoja, nchi moja ilitambua mahali ambapo dola inapaswa kusimama nje ya mlango wa familia, kisha ikaingia humo kuhesabu safari za binti kwa mama yake.

Sababu ya pili inatoka kwa Mengzi, na kwangu ndiyo inayokata mzizi wa upendeleo wa kindugu. Mwanafunzi alimuuliza: Shun, yule mfalme mwema wa zama za kale, angefanyaje kama baba yake angeua mtu? Jaji angemkamata, akajibu Mengzi. Shun asingemzuia? Angemzuiaje, na jaji anatekeleza kazi yake? Sasa angefanya nini? Angeutupa ufalme kama mtu anavyotupa viatu vilivyochakaa, akambeba baba yake mgongoni kwa siri, akakimbia naye hadi pwani ya bahari, akaishi huko kwa furaha mpaka mwisho wa maisha yake, akisahau kwamba aliwahi kuitawala dunia. Wapo wanaocheka majibu haya, lakini tazama kisichofanyika ndani yake. Shun hampigii jaji simu. Hatumii kiti chake hata kwa dakika moja. Mapenzi kwa baba yanaruhusiwa kumgharimu mtoto kila kitu, ila hayaruhusiwi kuwagharimu wengine chochote, na anayetaka kumbeba ndugu yake ni lazima kwanza ashuke kutoka kwenye kiti, kwa sababu mgongo mmoja hauwezi kubeba baba na ofisi ya umma kwa pamoja.

Narudi kwa binti wa Wuxi kupitia mwanafunzi mmoja aliyemtesa sana mwalimu wake. Zai Wo alikuwa na akili kali, na Lunyu inamwonyesha akikemewa zaidi ya mara moja, mojawapo ikiwa ni kwa kulala mchana. Siku moja alikwenda na hoja kwamba kumwombolezea mzazi kwa miaka mitatu ni kurefusha mno. Mwaka mmoja unatosha: nafaka ya zamani imekwisha, mpya imeiva, moto wa msimu umebadilishwa, na kiongozi akiacha sherehe na muziki kwa miaka mitatu, vyote viwili vitaharibika. Ni hoja nzuri, tena imetumia li kuipinga li.

Confucius hakuijibu. Hakutaja kanuni, hakutaja wahenga, hakutishia. Aliuliza swali moja: baada ya mwaka mmoja tu, ukila wali mweupe na kuvaa mavazi ya fahari, moyo wako utatulia?

Utatulia, akasema Zai Wo.

Ikiwa utatulia, basi fanya. Mfiwa wa kweli, Confucius akamwambia, chakula kizuri hakimnogei, muziki haumfurahishi, nyumbani mwake hapatulii, ndiyo maana hafanyi mambo hayo; lakini sasa wewe unatulia, basi fanya.

Zai Wo akatoka. Ni baada ya yeye kutoka ndipo mwalimu alipowageukia waliobaki, akasema kwamba huyu hana utu. Mtoto hukaa miaka mitatu ndipo atoke mikononi mwa wazazi wake, na je, Zai Wo hakupata kwa wazazi wake miaka mitatu ya mapenzi?